Jembe, Pumzi na Mapigo ya Moyo

Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe katika mwethya kule Machakos au Makueni, katika ngwatio kwa Wakikuyu au saga kwa Wajaluo, anajua jambo hili bila kufundishwa. Ukilima peke yako, hatua ishirini ni safari. Mkilima watu kumi kwa mstari mmoja, majembe yakipanda pamoja na kushuka pamoja, na mmoja wenu akiimbisha, kazi mliyodhani itawachukua wiki nzima huisha siku ya nne. Jua ni lile lile, udongo ni ule ule mgumu, na hakuna aliyekula zaidi ya jana.

Lakini viongozi wa vikundi wameona pia upande wa pili. Mama amefanya kazi vizuri tangu asubuhi, amecheka na wenzake, ameitikia kila wimbo. Jioni anashindwa kuinua sufuria kutoka mekoni. Kijana yuko katikati ya mstari saa saba mchana, mara anapepesuka na kuanguka, na wenzake wanasema, "Lakini sasa hivi tu alikuwa mzima!"

Mambo haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni namna ishara zinazotoka ndani ya mwili zinavyoshikana na mdundo wa kazi. Tumeona tulieleze kwa kirefu kidogo, maana msimu wa kuchimba mitaro kabla ya mvua ndio msimu wa vikundi, na kiongozi anayelielewa jambo hili atawaepusha watu wake na taabu nyingi.

MWILI UNA HABARI ZAKE

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hiyo hutuletea zaidi habari za nje. Ziko pia habari za ndani. Moyo unapiga mbio au polepole, mapafu yanataka hewa, koo limekauka, kibofu kimejaa, damu imepata joto. Habari hizi hupanda kwa neva hadi ubongoni, na nyingi hufika mahali pamoja palipojificha ndani ya mkunjo wa ubavu wa ubongo, wataalamu hupaita insula. Nyingine hutoka kwenye misuli na viungo vyenyewe, zikieleza mkono uko wapi, goti limekunjika kiasi gani, mzigo una uzito gani. Kwa hizo unaweza kufumba macho na bado ukagusa pua yako kwa kidole.

Thamani ya habari za misuli huonekana pale zinapokosekana. Mwaka 1971 huko Uingereza, kijana wa miaka 19 aitwaye Ian Waterman, aliyekuwa akifanya kazi buchani, alipata ugonjwa ulioanza kama homa tu. Ulipopita, neva zinazopeleka habari za mguso na za mkao wa viungo kutoka shingoni kwenda chini zilikuwa zimeharibika. Misuli yake haikupooza hata kidogo. Ila hakujua mkono wake uko wapi mpaka autazame. Daktari Jonathan Cole alieleza habari zake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1991: Waterman alijifunza upya kukaa, kusimama na kutembea kwa kutumia macho na akili, akiipanga kila hatua kichwani. Taa ikizimika ghafla, alianguka. Mdundo wa kutembea, ambao sisi wengine hatuufikirii kabisa, kwake ulikuwa kazi ya kutwa nzima.

Kwa hiyo mdundo si jambo la masikio peke yake. Hata asiyesikia ngoma ana mdundo, kwa kuwa kila hatua anayopiga humrudishia habari, na habari hiyo humwambia hatua inayofuata ianze lini.

PUMZI NA JEMBE

Mtazame mlimaji mzoefu akichimba mtaro wa fanya juu, ule ambao udongo hutupwa upande wa juu wa mteremko. Jembe likipanda anavuta hewa, likishuka anaitoa, mara nyingi kwa mlio mdogo wa kifuani. Hakuna aliyemwambia. Unapopiga chini, misuli ya tumbo hukaza na kuyasukuma mapafu, basi hewa hutaka kutoka wakati ule ule. Mlimaji mzoefu ameuacha mwili ufuate njia yake. Mgeni wa kazi hubana pumzi kila anapopiga, kisha baada ya mapigo kumi anasimama kuhema kama aliyefukuzwa na nyuki. Kubana pumzi hivyo pia hupandisha ghafla msukumo wa damu, na mwenye ugonjwa wa presha hapaswi kufanya mchezo huo.

Jambo hili limepimwa kwa wakimbiaji. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Dennis Bramble na David Carrier, walichapisha matokeo yao juu ya uhusiano wa hatua na pumzi. Farasi anayekwenda mbio hana hiari, kila mruko ni pumzi moja. Binadamu ana hiari. Anaweza kufungamanisha pumzi na hatua kwa hesabu mbalimbali, na ile inayopendwa zaidi ni mizunguko miwili ya miguu, yaani hatua 4, kwa pumzi moja. Walichokiona ambacho kinatuhusu sisi ni hiki: wakimbiaji wazoefu ndio waliokuwa na mpatano huu wa karibu kati ya pumzi na miguu. Wasio wazoefu, pumzi ilikwenda njia yake na miguu njia yake.

Nenda sasa jikoni kwa akina mama wawili wanaotwanga kwa kinu kimoja. Mchi wa kwanza ukipanda, wa pili unashuka, na hawagongani. Kila mmoja anasikia mchi wa mwenzake kwa sikio, lakini pia anausikia kwa mkono, kwa maana kinu kikitikisika kiganja hupata habari. Mmoja akianza kuchoka, mlio hubadilika kabla hajasema neno, na mwenzake hupunguza mwendo. Mtu akituuliza tumwonyeshe mfano wa kusikiliza mwili wako na wa mwenzio kwa wakati mmoja, tutampeleka kwenye kinu kwanza. Siku hizi mahindi yanakwenda kwa posho mili, na hatusemi turudi nyuma, lakini mafunzo hayo yalikuwa ya bure.

MTUNGI WA LITA 20

Wakenya wengi hawajui kwamba mwendo wa mama zetu wa kubeba mizigo uliingia katika jarida kubwa la sayansi la Nature. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy, mwanasayansi Mkenya, pamoja na wenzake walichapisha vipimo walivyofanya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walipima hewa ya oksijeni ambayo mwili hutumia mtu akitembea. Wakaona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu 20 kwa mia ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Walipozidisha hapo, matumizi yalianza kupanda.

Mwaka 1995 watafiti wa kundi hilo walieleza sababu, na sababu ni mdundo. Mtu anapotembea, mwili hupanda na kushuka juu ya mguu uliokanyaga, kama mtu anayebembea. Kila bembea hupoteza nguvu kidogo ambayo misuli lazima iilipe. Wanawake wale, walipobeba mzigo, walibembea vizuri zaidi na kupoteza kidogo zaidi.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba basi mama hachoki. Fanya hesabu: mama wa kilo 60, sehemu 20 kwa mia ya uzito wake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una zaidi ya kilo 20. Kwa hiyo mtungi tunaompa kila siku umepita kiwango hicho kwa mbali, na anaulipia kwa pumzi yake. Tena vipimo vilivyochapishwa mwaka 2010 juu ya wanawake wa Afrika Kusini havikuonyesha nafuu hiyo kwa ujumla. Watu walitofautiana sana, na kubeba kichwani kulileta maumivu ya shingo. Sisi tunasema bomba la maji karibu na nyumba ni bora kuliko sifa za Nature.

Linalobaki ni kwamba kila mwili una mwendo wake ambao nguvu hutumika kidogo, kwa kadiri ya urefu wa miguu na uzito wa mtu. Msichana wa miaka kumi na miwili anayekimbizana na hatua za shangazi yake mrefu, mtungi kichwani, anaacha mwendo wake na kukopa wa mwingine. Mkopo huo analipa riba. Ndiyo maana akina mama wenye busara humweka mtoto mbele na wao wakafuata nyuma.

JE, UNAUSIKIA MOYO WAKO?

Watu hawalingani katika kuzisikia habari za ndani. Mwaka 1981 mtaalamu wa Ujerumani, Rainer Schandry, alianzisha jaribio rahisi ambalo unaweza kulifanya nyumbani. Kaa kwa utulivu, usishike mkono wala shingo. Hesabu mapigo ya moyo kwa kuyahisi tu, huku mwenzako akihesabu mapigo yale yale kwa vidole kwenye kifundo cha mkono wako. Baada ya muda mlinganishe. Wengine hukaribia sana, wengine hukosa zaidi ya nusu.

Lakini tahadhari. Mwaka 2018 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba wengi wanaopata alama nzuri katika jaribio hili hukisia. Wanajua moyo hupiga kama mara sabini hivi kwa dakika, basi wanahesabu kwa mwendo huo. Walipoambiwa wahesabu yale tu waliyoyahisi kwa kweli, alama zilishuka sana. Mtu anaweza kuwa na saa nzuri kichwani na bado asiusikie moyo wake. Hili ni onyo zuri kwa kiongozi wa kikundi anayemwuliza mtu "Uko sawa?" na kutosheka na jibu la "Niko sawa." Anayejibu huenda anakisia tu.

Kwa hiyo tunashauri vidole visaidie. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa gumba kwenye kifundo cha mkono. Hesabu kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Hesabu tena ukiwa umetoka tu kuchimba, na tena baada ya kukaa kivulini dakika tano. Kabla ya kuhesabu, kisia kwanza. Ukifanya hivyo mara nyingi, kukisia kwako kutaanza kukutana na ukweli, na hapo umejifunza lugha ya mwili wako mwenyewe. Ikiwa baada ya dakika tano moyo bado unakwenda mbio, mapumziko hayajatosha, hata kama wengine wameshasimama. Ila wanaotumia dawa za presha wajue kwamba baadhi ya dawa hizo huupunguza mwendo wa moyo, na hesabu hii haitawafaa. Wao wategemee pumzi, na wamwulize daktari.

WIMBO UNAPOFUNIKA MAUMIVU

Hapa ndipo penye hatari, na tungependa kila kiongozi apasome mara mbili.

Watafiti wa chuo kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2010 vipimo vya vijana wapiga makasia. Vijana wale walifanya mazoezi kwenye mashine kwa dakika 45, siku nyingine kila mtu peke yake, siku nyingine pamoja kama kikosi, wakivuta kwa wakati mmoja. Baada ya kila zoezi walipimwa ni maumivu kiasi gani wanaweza kustahimili, kwa kubanwa mkono na ule mkanda wa kupimia presha. Kazi ilikuwa ile ile. Lakini siku walizovuta pamoja walistahimili maumivu zaidi. Watafiti waliona kwamba kwenda pamoja huongeza ndani ya mwili zile kemikali zinazotuliza maumivu na kuleta furaha.

Basi siri ya mwethya iko hapo, na hatari yake iko hapo hapo. Mdundo wa pamoja haupunguzi kazi ya misuli wala joto la damu. Unapunguza sauti ya malalamiko. Mgongo unasema "basi," lakini wimbo una sauti kubwa kuliko mgongo. Kiu nayo huchelewa tangu zamani. Katika jua kali mtu hupoteza maji mengi kabla koo halijamshtua. Ukiongeza wimbo juu ya kiu inayochelewa, utampata yule kijana wa saa saba mchana.

Na wimbo hauishii masikioni. Björn Vickhoff na wenzake wa Sweden walipima mioyo ya vijana waliokuwa wakiimba pamoja, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Walipoimba wimbo wenye mafungu marefu yanayofanana, mioyo ilipanda na kushuka mwendo kwa pamoja, kwa sababu mafungu ya wimbo huwalazimisha wote kuvuta hewa wakati mmoja, na moyo hufuata pumzi. Walimu wa kwaya hawatashangaa. Anayeongoza wimbo, iwe kanisani au mtaroni, ameshika pumzi za watu mkononi mwake, naye anaweza kuzipeleka mbio au kuzituliza.

Kwa sababu hiyo hatupendi mashindano ya mita. Kuna miradi ambayo afisa huja na kamba yake ya kupimia, kikundi cha kwanza kumaliza mita zake hupigiwa makofi, na mwimbishaji anaongeza kasi kila wimbo. Ngazi za Machakos hazikujengwa hivyo. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichotolewa mwaka 1994, kinaeleza jinsi wilaya iliyoonekana miaka ya 1930 kama nchi inayoharibika ilivyokuja kujaa mitaro ya kuhifadhi udongo. Hiyo ilikuwa kazi ya miongo mingi, na sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa vikundi vya akina mama. Mtaro usiokwisha leo utakuwepo kesho. Mgongo je?

Kifaa bora cha kupimia tunacho tayari, nacho ni ule wimbo wenyewe. Mtu anayefanya kazi ya kadiri anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba ubeti mzima, pumzi haimtoshi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za kazi ziko namna ile: mwimbishaji huchukua sehemu ndefu, na wenye majembe huitikia kwa neno moja au mawili, tena kwenye pigo la kutoa hewa. Wazee waliotunga mpango huo walijua walichofanya. Basi anayeitikia ana akiba ya pumzi. Aliyeacha kuitikia, akawa anachezesha midomo tu, akiba imekwisha. Asiyeweza kujibu hata swali fupi bila kukatiza amezidiwa, na huyo hapaswi kuulizwa kama anataka kupumzika. Apumzishwe.

Mwimbishaji asimame mahali anapoziona nyuso, si nyuma ya migongo. Mwendo wa wimbo uwekwe na aliye mwepesi kuchoka kati ya walio mstarini, na kila baada ya muda wimbo ukatwe kabisa, watu wakae kimya wanywe maji. Ukimya huo una kazi yake. Wimbo ukinyamaza ndipo mtu anapoanza kuhisi kisigino kinachouma, kichwa kinachogonga, kizunguzungu. Mama mjamzito, aliyetoka kuugua malaria juzi, na mzee wa presha wasiwekwe katikati ya mstari, ambapo ni aibu kutoka. Wawekwe mwishoni, waweze kuondoka bila kuvunja safu.

Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au kuyumba kama mlevi, na ngozi yake ni moto sana, hiyo ni hatari ya joto hata kama bado anatoka jasho. Kivulini mara moja, nguo nzito zivuliwe, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa. Aliyepoteza fahamu au kuchanganyikiwa asinyweshwe kitu.

WALE AMBAO HABARI ZAO ZIMEPUNGUA

Hatuwezi kuliacha jambo hili bila kuwataja wazee wetu wa nyumbani, kwa kuwa kuna magonjwa yanayokata mawasiliano haya.

Ugonjwa wa Parkinson ulielezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817. Kemikali iitwayo dopamini hupungua katika viini vya ndani vya ubongo vinavyosaidia kupanga mwendo. Mzee huanza kutetemeka mkono uliopumzika, uso unakuwa kama umekasirika, hatua zinakuwa fupi za kuburuza. Mlangoni hugandama kana kwamba miguu imegundishwa sakafuni. Wengine husema amerogwa, wengine humwambia ajikaze. Ile saa ya ndani iliyokuwa ikimwambia mguu "sasa" imelegea.

Kinachoshangaza ni kwamba saa ya nje inaweza kuikopesha ile ya ndani. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake huko Marekani walichapisha habari za wagonjwa waliotembea kila siku nyumbani kwa wiki tatu wakifuata muziki wenye mapigo ya wazi. Mwendo wao uliongezeka kwa sehemu 25 kwa mia, na hatua zikawa ndefu zaidi, kuliko wale waliofanya mazoezi hayo hayo bila mdundo. Hii haiondoi ugonjwa, na dawa za hospitali bado zinahitajika. Lakini mjukuu anaweza kutembea kando ya babu akipiga makofi, au kumwimbia wimbo wa kutembea ambao babu anaupenda, kwa mwendo wa babu mwenyewe kwanza, kisha mwepesi kidogo tu. Akigandama mlangoni, asivutwe mkono. Ahesabiwe: moja, mbili, tatu, na mguu.

Kisukari ni habari nyingine. Kikikaa miaka bila kudhibitiwa huharibu neva za miguu, na mtu huacha kuhisi ardhi. Ishara moja huja mapema, na wengi huipuuza: akifumba macho kunawa uso, anayumba na kushika karai. Macho yalikuwa yakifanya kazi ya miguu, kama kwa yule Waterman. Usiku, bila taa, huanguka. Tena anaweza kukanyaga msumari asubuhi na kuuona jioni. Mtu kama huyo asiingie mtaroni peku wala na malapa. Avae viatu vilivyofungwa, avikung'ute kabla ya kuvaa, na kila jioni nyayo zikaguliwe kwa mwanga mzuri na mtu mwenye macho mazuri. Kidonda kidogo kiende kliniki siku ile ile.

Wala hana haja ya kubaki nyumbani siku ya mwethya. Kifua chake kizima, sauti yake nzima, na nyimbo za kazi anazijua kuliko vijana. Mpeni kiti kivulini mbele ya mstari, debe tupu na kijiti, aimbishe. Hana jembe la kumfanya ahame na wimbo, basi ndiye atakayeona kwanza nani ameacha kuitikia.